Fibromialjia: sindano ya homoni ya ukuaji, vidonge vya usiku au mazoezi?

MamaKorosho (Tandahimba)
Wadau habari za humu. Mdogo wangu wa kike anaumwa mwili mzima, mwaka wa pili sasa, na usiku halali. Daktari kasema fibromialjia, kamwandikia vidonge vya usiku, amitriptilini, na kumwambia afanye mazoezi. Shemeji yuko Dar, yeye anasema chanzo ni upungufu wa homoni ya ukuaji na sindano zake zipo. Hela ya korosho ya msimu huu ndiyo inayotolewa macho. Nisaidieni kulinganisha.

Mfamasia_Lindi
Shemeji hajatunga, mama. Homoni hiyo hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na nyingi hutoka mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Wagonjwa hawa ndio usingizi huo unaowapiga chenga. Mwaka 1992 Robert Bennett na wenzake, Oregon, Marekani, walipima IGF-1, kitu ambacho ini hutengeneza kwa amri ya homoni hiyo, wakakuta wastani wa wagonjwa uko chini. Mwaka 1998 wakatoa majibu ya jaribio: wanawake 50 wenye IGF-1 ya chini, wengine sindano ya kweli kila siku, wengine sindano isiyo na dawa, miezi 9. Wa sindano ya kweli walipata nafuu. Ila ilichukua miezi kadhaa kuonekana, na walipoacha kuchoma hali ikarudi nyuma.

Dada_Shangani
Hapo kwenye "walipoacha" ndipo pa kupigia hesabu. Korosho ni za msimu mmoja, sindano ni za kila siku. Halafu dawa yenyewe inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa umeme wetu huu?

Kijana_wa_Newala
Kwa hiyo tunaikataa kwa sababu ya umaskini tu? Wahispania nao walichapisha jaribio lao 2012, wagonjwa 120, nafuu ikaonekana. Tuseme ukweli, dawa inafanya kazi.

Mfamasia_Lindi
Si umaskini, kijana. EULAR, jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya baridi yabisi, hela wanayo, na kwenye mwongozo wao wa 2016 wameikataa homoni hii kwa fibromialjia. Waliona faida haitoshi na hatari ya madhara ni kubwa; homoni hii huweza kuleta mwili kuvimba, viungo kuuma (mtu alikuja kwa maumivu!), ganzi vidoleni, sukari kupanda. Walichokiunga mkono kwa nguvu zote ni kimoja tu, mazoezi. Amitriptilini ya dozi ndogo wameikubali kwa sauti ya chini. Marekani wameidhinisha dawa za fibromialjia: pregabalini 2007, duloksetini 2008 na milnasiprani 2009, homoni haimo.

Dada_Shangani
Mimi ninayo hiyo fibromialjia. Amitriptilini ukiimeza saa ya kulala, asubuhi kichwa kizito mpaka saa nne na kinywa kimekauka. Daktari akaniambia niimeze mapema, jioni. Mazoezi ni kutembea ufukweni maji yakitoka, basi. Mwambie mdogo wako ukweli: mwanzoni yanauma zaidi, na wengi huachia hapo. Aanze na kamwendo kadogo, aongeze taratibu. Akijisikia vizuri siku moja asikimbilie kulima shamba zima, kesho yake hainuki.

MamaKorosho (Tandahimba)
Asanteni. Alipokuwa na mimba ya mwisho sukari ilimpanda. Ina maana?

Mfamasia_Lindi
Kubwa mno. Mtu wa namna hiyo hata mimi nisingethubutu kumtajia sindano. Na kama shemeji bado anang'ang'ania upungufu, huo hauthibitishwi kwa IGF-1 peke yake. Kuna kipimo cha kuichokoza pituitari, na anayekisimamia ni daktari bingwa wa homoni. Mimi ningeanza na cha karibu zaidi. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua nayo huleta uchovu na maumivu ya misuli. Walimpima?

MamaKorosho (Tandahimba)
Cheti ninacho hapa, hicho hakimo. Jumatatu tunashuka Mtwara, hospitali ya Ligula.

Kijana_wa_Newala
Mama, na hela ya korosho mwambie shemeji imeshapangiwa kazi.