Taarab ya pleibeki: mwimbaji alipwe au asilipwe?

MTOA HOJA (Tanga): Juzi nilikuwa harusini. Mwimbaji kaja na pleibeki, yaani wimbo uliorekodiwa tayari, sauti na vyombo, kwenye flashi; wapiga vyombo hakuna. Mama mmoja akainuka kwenda kumtunza, noti juu, anacheza taratibu. Mwimbaji akashusha maiki amshukuru, na sauti yake ikaendelea kuimba kwenye spika. Yule mama alisimama akiangalia spika, si mwimbaji.

Kutunza ni kujibu shairi. Ubeti umekugusa, au unataka fulani aliyekaa kule ausikie vizuri. Mwimbaji akikuona unakuja, huurudia mpaka ufike. Flashi haikuoni! Nasema anayeimba pleibeki asilipwe bei ya taarab.

WA UNGUJA: Ndugu yangu, sikubaliani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika 3 tu, kwa hiyo wimbo ambao barazani ungevutwa kadiri watu walivyonogewa, studio ulikatwa. Hasara, nakiri. Lakini santuri hizo zilimfikisha Siti, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, kwa watu ambao wasingekanyaga barazani kwake. Bibi yangu hakuruhusiwa kutoka usiku. Taarab yake yote ilitoka kwenye gramafoni ya jirani, na mashairi aliyajua kwa moyo mpaka anazikwa. Utamwambia hakuisikia taarab?

MTOA HOJA: Siwezi kumwambia hivyo, Mungu amrehemu. Santuri siigombi. Bibi alijua anasikiliza sahani, na hakuna aliyesimama mbele yake akifumbua mdomo kujifanya anaimba. Mimi nagomba kuuziwa sahani kwa jina la mtu.

MPIGA GANUNI: Mnamzungumzia mwimbaji, sisi wa nyuma yake je? Mwenye shughuli ananiambia wazi: wapigaji kumi wanataka nauli, chakula na posho, flashi haili. Kwanza walikata ganuni, chombo changu cha nyuzi nyingi, na fidla wakaacha kinanda, sasa hata kinanda hakiitwi. Pale Dhow Countries Music Academy, Unguja, vijana wanafundishwa ganuni na udi, na wanapiga vizuri kweli. Wakihitimu, harusi gani itawaita? Mimi naomba jambo moja: kadi ya mwaliko na tangazo la shoo liandike wazi kama kuna vyombo au pleibeki, na kiingilio cha pleibeki kiwe nusu. Anayepinga aseme hapa.