Kisukari cha mimba kimeisha baada ya kujifungua, niendelee kupima?

Mama Kichanga: Habari zenu wapendwa. Nilipata kisukari cha mimba, nikachoma insulini hadi najifungua. Mtoto ana wiki saba sasa, mzima. Kabla ya kuruhusiwa walinipima, sukari imeshuka, sindano nikaacha. Bado kuna haja ya kupima? Mama mkwe anasema nisijitafutie ugonjwa.

Shangazi Tausi: Hongera mwaya. Ya mimba huondoka na mimba. Mimi nilikuwa nayo kwa wa pili, sijapima tena na nadunda tu.

Nesi wa Zamu: Shangazi, hapo nakupinga. Homoni za kondo la nyuma ndizo zinazoizuia insulini isifanye kazi vizuri. Kondo likitoka, sukari hushuka kweli. Ila mimba imeshaonyesha kongosho lako, linalotengeneza insulini, linaelemewa. Hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili huwa mara 7 hadi 10 ya mwanamke ambaye hakupata, na wengi hawasikii chochote kwa miaka. Kudunda si kipimo!

Mama Kichanga, wewe unahitaji kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Unakwenda hujala tangu usiku, wanatoa damu, unakunywa, unakaa saa mbili, wanatoa tena. Sukari ya damu ya pili ikiwa chini ya 7.8 mmol/L, safi. Kuanzia 11.1 ni kisukari, ingawa hurudia kupima kuthibitisha. Ikiangukia katikati usikate tamaa: mazoezi, kupunguza uzito, na wengine vidonge vya metformini, huzuia wengi wasifike huko. Hata ikiwa safi, rudia kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yote.

Mama Kichanga: Saa mbili na kichanga jamani! Mashine ya kidole haitoshi? Au HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu?

Nesi wa Zamu: Kidole cha asubuhi kinaweza kusoma vizuri kumbe sukari inapanda ukishakula. HbA1c mapema hivi hudanganya, kwa sababu ya damu uliyopoteza. Nenda na mtu wa kukushikia mtoto. Kunyonyesha pale ruksa, tena kunapunguza hatari yako.

Baba Pacha: Wife aliambiwa afuatilie na presha na mafuta kwenye damu, moyo nao uko hatarini. Na akishika mimba nyingine aseme mapema, apimwe mwanzoni.

Shangazi Tausi: Wangu yuko darasa la kwanza. Nimechelewa?

Nesi wa Zamu: Hujachelewa. Kwako hata HbA1c inafaa, na huhitaji kufunga kula. Nenda wiki hii.