Sungura na simbilisi wasiopata mlezi: tuwape makao ya kudumu kituoni?

Swali

Ndugu zangu mnaolea wanyama wadogo, naomba ushauri wenu. Kituo chetu huokoa sungura, simbilisi na panya wa kufugwa, huwatibu, kisha huwatafutia nyumba. Wengi huondoka baada ya muda si mrefu, lakini wapo watatu ambao kila mgeni huwatazama, husikitika, kisha huondoka na mwingine.

Wa kwanza ni sungura dume wa miaka minne ambaye kichwa chake kimeinama upande wa kushoto tangu alipougua. Anakula vizuri, ila akishtuka hupoteza mizani na kubiringika. Wa pili ni sungura jike aliyerudishwa kwetu mara mbili kwa kosa la kuuma. Wa tatu ni simbilisi dume wa miaka sita aliyefiwa na mwenzake, na magego yake humlazimu kwenda kwa daktari kila baada ya wiki chache ili yapunguzwe.

Baadhi yetu tungependa kuwatangaza kuwa wakazi wa kudumu, wapumzike na usumbufu wa kuoneshwa kwa kila anayeingia. Wenzetu wanahofia kwamba vizimba vitajaa na tutashindwa kumpokea atakayeletwa kesho. Hofu hiyo ina msingi, kwani sungura aliyetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, na dume huyu peke yake anaweza kukaa nasi miaka minane mingine. Ninyi wenzetu huamuaje nani abaki?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, hongera kwa kazi hiyo. Mmewatia watatu hao katika fungu moja, nami naona hali zao hazifanani hata kidogo. Nitamzungumzia jike tu, kwa sababu nimemlea mmoja wa namna yake.

Jambo la kuuliza kwanza ni kama amefungwa uzazi. Jike ambaye hajafungwa hulinda kizimba chake kwa ukali, na tena yumo katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo upasuaji huo unamfaa hata kama hamtafuti mlezi. Baada ya upasuaji mpeni wiki kadhaa ili homoni zitulie, na katika muda huo msimpime tabia.

Wangu alikuwa akinirukia kwa miguu ya mbele huku akiguna kila nilipoingiza mkono kuchukua bakuli. Nilichelewa kujua kwamba sungura huona karibu pande zote, lakini haoni kilicho mbele kabisa ya pua yake, na mkono unaojitokeza hapo ghafla humtisha. Nikaacha kuingiza mkono. Nilifungua mlango, nikaketi sakafuni nikiwa nimempa ubavu, nikangoja atoke mwenyewe. Siku ya tisa alitoka, akanizunguka mara mbili, akanisugulia kidevu gotini, jambo ambalo sungura hulifanya kwa kitu anachokihesabu kuwa chake. Miezi michache baadaye alipata nyumba kwa watu wazima wawili walioridhika kukaa naye bila kumbeba. Nawasihi msimwandike jike wenu kuwa mkazi wa kudumu kabla ya kumjaribu hivyo, maana neno hilo likishaandikwa kwenye kadi yake hakuna atakayemtafutia tena mlezi.

Jibu la pili

Mimi ni daktari wa wanyama, na wagonjwa wangu wengi ni wa ukubwa huo.

Kichwa kuinama kwa sungura mara nyingi hutokana na maambukizi ya sikio la ndani au na kimelea kinachoshambulia ubongo na figo. Kwa kimelea hicho kwa kawaida hutolewa dawa ya fenibendazoli kwa siku 28, na hata baada ya tiba kufaulu kichwa kinaweza kubaki kimeinama. Mnyama huizoea hali hiyo kuliko sisi tunaomtazama. Mtandikieni sakafu isiyoteleza, mzungushieni taulo zilizoviringishwa ili akibiringika asijigonge, na mwekeeni maji katika bakuli zito lenye ukingo mfupi. Jicho la upande wa chini likaguliwe kila siku, kwa kuwa hukauka na kukwaruzika upesi. Huyu ndiye ningempa nafasi ya kudumu bila kusita.

Simbilisi ananitia wasiwasi zaidi. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na magego ya chini yakiinamia ndani huweza kukutana juu ya ulimi kama daraja, hata mnyama akabaki ameshika jani mdomoni asiweze kulimeza. Kila safari ya kuyapunguza huhitaji nusukaputi, nayo ina hatari yake kwa mwili wa miaka sita. Mpimeni uzito kila siku, saa ileile, kwa mizani ya jikoni. Akiwa na gramu 980 leo, kisha akafika 880 baada ya siku chache, amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hilo si la kusubiri. Sikilizeni pia sauti: simbilisi mwenye hamu ya kuishi hupiga mluzi anaposikia majani yakichakurishwa. Akinyamaza majani yakiletwa, akajikunyata pembeni manyoya yakiwa yamesimama, mwiteni daktari mara moja mzungumze naye waziwazi juu ya kumpumzisha milele. Makao ya kudumu yasigeuke sababu ya kumrefushia maumivu.

Jibu la tatu

Nakubaliana na daktari, ila nataka niwatetee wale wenzenu wenye hofu, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi mahali ambapo hofu hiyo haikusikilizwa. Tulimbakiza kila aliyetuhuzunisha, hadi tukawa na wakazi wa kudumu kumi na mmoja. Asubuhi moja tulimkuta sungura ambaye hakuwa amegusa nyasi zake tangu jioni. Kwa sungura, kutokula kwa nusu siku ni dharura, kwani utumbo wake husimama. Hakuna aliyekuwa mzembe; sote tulikuwa tukiwalisha wengine kwa bomba la sindano. Hatukumwokoa.

Tangu hapo nahesabu saa za kazi kabla ya vizimba. Mnyama anayelishwa kwa bomba mara nne kwa siku, dakika ishirini kila mara, huchukua dakika 80. Wakiwa watatu, ni saa nne kila siku, sikukuu zikiwamo. Jiulizeni mna watu wa saa ngapi, tengeni sehemu yake kwa wa kudumu, na nafasi nyingine ifunguliwe tu mmoja wao anapoondoka. Zipo pia familia zinazoweza kumlea mnyama kwao hadi mwisho wa maisha yake huku kituo kikilipia tiba. Sungura wenu wa kichwa kuinama, ambaye mahitaji yake ni utulivu na taulo, angefaa sana kwa mpango huo.

Kuhusu simbilisi aliyefiwa, asikae peke yake. Uswisi imelisema jambo hilo katika kanuni zake za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008, na yeyote aliyewahi kumsikia simbilisi akimwita mwenzake aliyekufa hahitaji kanuni. Lakini mkimpa kijana, mzee atakapokufa kijana naye atabaki mpweke, na mnyororo huo hauna mwisho. Mtafutieni mzee mwenziwe mpole miongoni mwa hao wasiochukuliwa, na wakutanisheni kwanza mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Tumekutana jana jioni na tumekubaliana hivi: dume abaki chini ya kituo, akilelewa nyumbani kwa mwenzetu mmoja aliyeomba mwenyewe, jike afungwe uzazi juma lijalo na asioneshwe kwa mtu kwa miezi miwili. Tulipopiga hesabu ya saa tulikuta tunaweza kuwamudu wakazi wanne wa kudumu kituoni, nasi tulikuwa tukizungumza kana kwamba tunaweza kumi.

Simbilisi tumempima leo asubuhi: gramu 912. Majani yalipoletwa alipiga mluzi. Kesho tunamkutanisha na mzee mwenziwe mwenye jicho moja.