Njia ya mbio ya mita 300 kwenye nyasi: leni ya pili ianzie wapi?

mwl_malava
Habari zenu walimu. Mbio za zoni zitafanyiwa kwetu hapa Malava. Uwanja una mita 130 kwa 70, kwa hivyo njia ya mita 400 haiingii. Tumeamua 300, leni nne. Tuna tepu ya mita 50, vigingi na chokaa. Tumekwama kwenye nafasi za kuanzia: mwenzangu mmoja anasema leni ya pili isogezwe mbele mita 7.04 kama ilivyo kwenye jedwali la mita 400, mwingine anasema tupunguze robo kwa sababu njia ni fupi. Nani yuko sawa? Na mita 100 tuiweke wapi?

kocha_webuye
Mwalimu, wote wawili wamekosea. Mpishano, yaani umbali ambao leni ya nje husogezwa mbele wakati wa kuanza, hautokani na urefu wa njia, unatokana na upana wa leni. Sehemu zilizonyooka ni sawa kwa kila mkimbiaji. Tofauti iko kwenye kona, na kona mbili ukiziunganisha ni duara moja. Chukua 2 × pai × 1.22 (upana wa leni kwa mita), unapata mita 7.67 kwa kila leni, iwe njia ni ya 200, 300 au 400. Basi kwa mzunguko mmoja: leni ya pili 7.67, ya tatu 15.33, ya nne 23.00.

Ile 7.04 ni ya viwanja vyenye ukingo ulioinuka, ambako leni ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni na nyingine sentimita 20 kutoka kwenye mstari. Kwenye nyasi bila ukingo, zote hupimwa 20. Ukilifuata jedwali hilo, watoto wa leni ya pili, ya tatu na ya nne kila mmoja atakimbia sentimita 63 zaidi ya mwenzao wa leni ya kwanza. Kwa mtoto aliyefanya mazoezi muhula mzima, hiyo ni nafasi ya kwenda kaunti ndogo inapotea.

Sasa kuchora. Vuta kamba katikati ya uwanja kwa urefu, mita 35 kutoka kila upande. Piga kigingi mita 35 kutoka mwisho mmoja, kingine mita 95. Hivyo ndivyo vitovu vya kona zako. Kwenye kila kitovu pata pembe mraba kwa pembetatu ya mita 6, 8 na 10 (3, 4, 5 ni ndogo mno, kosa dogo linakua), kisha pima mita 28.45 kila upande. Una mstatili wa 60 kwa 56.90. Kabla ya chokaa, pima mishazari: yote miwili lazima itoe 82.69. Isipolingana, usiendelee.

Kona zungusha kwa tepu, si kwa kamba ya nailoni. Nailoni huvutika, na nusu kipenyo kikizidi kwa sentimita 10 tu, mzunguko unaongezeka sentimita 63. Chokaa imwagwe upande wa ndani wa alama.

refa_butere
Kuhusu mita 100: ukimalizia penye mstari wa kumalizia wa 300 (usawa wa kigingi cha mita 95, kona inapoanza), nyuma yake una mita 95 tu hadi mwisho wa uwanja. Refusha leni za upande huo moja kwa moja, anzia mita 5 kutoka mwisho wa uwanja na umalizie penye 105. Zinabaki 25 za kupunguzia kasi. Weka vibendera vya rangi tofauti kwenye mistari miwili ya kumalizia, kwa maana watunza saa huchanganyikiwa hapo.

Mita 200 itaanzia upande wa pili, mita 50 kabla ya kona. Wanapita kona moja, kwa hivyo mpishano ni nusu: 3.83 kwa leni.

mwl_malava
Asanteni sana. Mchana huku mvua haikosi. Chokaa itakaa?

kocha_webuye
Haitakaa. Kila kitovu, kila pembe ya mstatili na kila nafasi ya kuanzia iwe na kigingi kifupi cha mbao kilichozama chini ya nyasi, ili asubuhi mrudishie mistari bila kupima upya. Na mhakikishe ni chokaa iliyozimwa. Ile inayochemka ikiguswa na maji inaunguza macho na nyayo, na wengi watakimbia miguu mitupu. Mafuta machafu ya gari pia hapana, yanaua nyasi.

refa_butere
Jambo la mwisho, saa. Msitumie filimbi kuanzisha. Sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kufika mita 100, na mtunza saa anayeisubiri anampunguzia mtoto muda. Kama hakuna bastola, tumieni mbao mbili zilizopakwa rangi nyeupe, zigonganishwe juu ya kichwa. Saa ianze zinapoonekana kukutana, isimame kiwiliwili kinapofika mstarini, si kichwa wala mkono. Saa tatu kwa mshindi: zikitofautiana zote, chukua ya kati, mbili zikilingana, chukua hizo. Zikiwa mbili tu, chukua iliyo ndefu. Kisha pandisha hadi sehemu ya kumi inayofuata: 13.41 inaandikwa 13.5.