Huyu muuzaji wa mabuti pale soko la Karume amenidhalilisha mbele za watu, leo simwachi

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, nimeambiwa mbele ya wateja, mbele ya mama ntilie na mbele ya vijana wa mikokoteni: "Mzee wangu, nilikwambia haviingizi maji. Sikukwambia ukavikanyagie maji."

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa mabuti ya mtumba, anayetafuna mswaki tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nusu ya jukwaa hili ina kovu lake.

Nilimweleza kila kitu. Nawinda sungura, kwa leseni, huko Pwani. Kule ni vichaka vitupu: migunga, visiki, nyasi za kiunoni, na vuli ikianza kila bonde ni tope. Nataka buti ya ngozi nene, ipite kifundo cha mguu, mwiba usipenye, maji yasiingie. Akanishika mkono, "Baba umefika." Akamwaga chupa nzima ya maji juu ya ngozi, matone yakateleza, watu wakaguna kwa mshangao. Elfu tisini ikanitoka.

Jumamosi sijafika hata kichaka cha kwanza, soksi chapachapa. Mvua haijanyesha! Umande tu wa kwenye majani. Jua linachomoza, soli ya kulia ikaanza kupiga makofi. Nageuza kiatu, lile povu la katikati linamomonyoka kama keki kavu, unga wa njano unanibaki vidoleni. Sungura kanipita hapo hapo, hana hata haraka, mimi nimeinama naokota soli. Nimetoka porini kiatu kimefungwa kwa kamba ya katani, na miiba yote ya Kisarawe imehamia kwenye unyayo wangu.

Leo nimempelekea. Sikudai pesa yote, nimeomba nusu. Akaishika soli kwa vidole viwili, akainyanyua juu watu waione, ndipo akasema lile neno. Mama ntilie akaacha kupakua wali ili acheke vizuri.

SIKUKWAMBIA UKAVIKANYAGIE MAJI. Sasa buti la porini linakanyaga nini, zulia? "Mzee wangu" alivyoitamka!

Shoka Butu: Pole mkuu. Ila huyo kijana apewe ubunge.

Mama Kijacho: "Sikukwambia ukavikanyagie maji" nimemsomea mume wangu, amepaliwa na chai.

Mwana Rufiji: Mkuu, hilo povu ni poliyurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewani unalila taratibu hata kama kiatu kimekaa stoo hakijavaliwa, na joto letu la Dar ndiyo linaharakisha. Kwa nje kinang'aa, siku ya kwanza ya kazi kinapukutika. Mtumba uliokaa sana ndivyo ulivyo. Kabla hujalipa, kunja kiatu kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Tafuta soli ya mpira iliyoshonwa ukingoni, siyo ya gundi tupu. Angalia na ulimi, uwe umeshonwa na kiatu pande zote mbili mpaka juu, maji na mbegu za nyasi hupenyea hapo. Na yale matone kuteleza ni dawa tu imepakwa juu ya ngozi, haithibitishi chochote. Kipimo ni beseni: weka karatasi kavu ndani ya kiatu, kizamishe mpaka karibu na mdomo, subiri robo saa, kisha itazame karatasi.

Shoka Butu: Nani atakuruhusu kuzamisha kiatu kwenye beseni pale Karume? Utazamishwa wewe.

Gambuti Daima: Mnajitesa bure. Gambuti la mpira, bei chee, tone haliingii.

Mwana Rufiji: Gambuti kwenye migunga? Mwiba mmoja tu limekwisha. Na likipwaya kisigino, ukitembea mpaka saa nne huna ngozi.

Gambuti Daima: Babu yangu amelima mpunga na gambuti maisha yake yote.

Mwana Rufiji: Mpunga una miiba?

Dogo Temeke: Tafuta buti za jeshi mzee, ndiyo mwisho wa maneno.

Afande Mstaafu: Usimponze mwenzio. Mavazi ya jeshi siyo ya raia, akikutwa nayo mtamsikia gereza la Segerea.

Sheria Kwanza: Mleta mada, leseni unayo kweli? Uwindaji una msimu wake, na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, hawana utani. Na tochi usiku ni marufuku.

Mleta mada: LESENI NINAYO, nimeandika juu. Nilitoka asubuhi, mkononi sina tochi. Hoja hapa ni yule mtu! Kanyanyua soli yangu juu watu waione! Nusu ya pesa tu niliomba!

Kipepeo wa Buguruni: Mzee, sungura wa kufugwa wapo tele, ungekwenda kumnunua na ndala.

Mkazi wa Magomeni: Nyie mnawinda. Mimi nahitaji buti la kuvukia bonde la Jangwani tu. Mvua ikinyesha saa moja mabasi ya mwendokasi yanasimama, tunavuka kwa miguu tumebeba viatu kichwani.

Mama Kijacho: Jangwani msinikumbushe! Mwaka jana nilitoa buku mbili nibebwe mgongoni, kufika katikati jamaa anasema bei imepanda.

Mkazi wa Magomeni: Ulilipa?

Mama Kijacho: Ningefanyaje, nishuke?

Dogo Temeke: Bora wewe ulibebwa. Mimi bodaboda kaniuzia koti la mvua, nalivaa halina mgongo.

Mleta mada: Turudi kwenye mada wakuu. Mzee mzima naambiwa SIKUKWAMBIA UKAVIKANYAGIE

Kipepeo wa Buguruni: Koti lina nafuu. Fundi friji kanichajia gesi elfu hamsini, friji sasa linapasha moto. Jana nimekuta maziwa yanafuka mvuke.

Afande Mstaafu: Fundi wa wapi huyo? Isijekuwa yule wa Tabata mwenye baiskeli nyekundu.

Kipepeo wa Buguruni: Huyo huyo!!

Mkazi wa Magomeni: Ngoja, yule ana redio yangu tangu Ramadhani.