Kwaya yetu inaenda Leipzig: opera tuibakize au tuitoe?

Mama_Kiboriloni: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kwaya yetu ya usharika hapa Moshi imechanga kwa ajili ya safari ya Leipzig, Ujerumani. Ratiba ina jioni moja ya opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Wazee wanataka itolewe, hela iende kwenye siku ya ziada Berlin, maana lugha hatuijui. Mimi roho inakataa. Aliyefika atusaidie.

Sauti_ya_Nne, Machame: Marahaba mama. Nilifika na walimu wenzangu wa kwaya. Nakuomba sana, opera msiitoe. Okestra ya Gewandhaus, ya hapo Leipzig, inapiga kwenye ukumbi wake, inapiga kwenye jumba la opera, na inapiga kanisani Thomaskirche na kwaya ya wavulana iliyoanza mwaka 1212. Isikilizeni huku na huku.

Ila anzeni na Thomaskirche. Bach, yule mtunzi wa muziki, aliongoza muziki pale tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake liko mbele, bamba sakafuni, watu wanaweka maua. Jumamosi saa tisa alasiri kuna ibada ya muziki, kiingilio kidogo tu. Wavulana wanaimba juu, roshani ya nyuma, sauti zinakujia mgongoni. Sikilizeni besi: wanavuta pumzi kwa kupokezana, mstari haukatiki hata mara moja. Sisi wa sauti ya nne huwa tunakata wote pamoja!

Kuhusu lugha, ulizeni mapema ni opera gani, mwalimu awasimulie kisa chake mazoezini. Wagner mwenyewe, mtunzi wa opera, ni mzaliwa wa Leipzig, 1813. Na hao wazee wakumbusheni kwamba wamisionari waliofika huku Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig. Berlin itasubiri.

Njiro_Arusha: Angalieni tarehe kabla ya kulipa. Katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti majumba mengi ya opera Ujerumani yako likizo, na wavulana nao hufunga shule. Visa anzeni mapema. Bima ya safari lazima iweze kulipia gharama za hadi euro 30,000 kwa kila mtu.

Mama_Kiboriloni: Mungu awabariki. Tulikuwa tumepanga Agosti! Jumapili nawasomea wazee haya yote. Na mavazi je, lazima suti?

Sauti_ya_Nne, Machame: Hapana mama. Vaeni vitenge vyenu vya sare, sisi tulivaa hivyo hivyo. Bebeni na sweta, hata Mei jioni kuna baridi.