Naomba ushauri: kadigani ya uzi wa mtumba imenipwaya

Habari zenu wafumaji wenzangu. Nilipata sweta kubwa la sufu la mtumba, nikalifumua lote ili nijifumie kadigani, yaani sweta la kufunguka mbele. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama tambi, nami kwa haraka zangu sikuufua kwanza ukanyooka. Kipande cha kupimia kilinipa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Nilitaka kifua cha sentimita 100, basi nikagawa vitanzi 220 mgongoni na mbele, nikajiona fundi.

Juzi nimeifua. Uzi umenyooka na kulegea, sasa ni vitanzi 20 kwa sentimita zilezile 10, yaani kifua kimefika 110! Mabega yananiteremka hadi karibu na viwiko (natia chumvi, lakini si sana). Mikono, cha ajabu, imekaa vizuri.

Mgongo na pande za mbele nilivifuma mbalimbali kisha nikaviunga, kwa hiyo mishono ya ubavuni ipo. Nikishona ndani zaidi kwa sentimita 2.5 kwa kila ukingo pale ubavuni (kingo ni nne), 10 zinaondoka. Je, kwapani hapatafanya donge? Na kwenye mabega, nikishonea utepe wa pamba kwa ndani, utazuia yasizidi kuvutika?

Kufumua tena sitaki, uzi umeshaanza kutoa manyoya na akiba niliyobakiwa nayo ni kidonge kama limau. Na tafadhali, msiniambie niichovye kwenye maji ya moto. Sweta langu la kwanza lilirudi hadi likamtosha mdoli.